Elimu: «ou», «ai», «eau»… Vwayeli za pamoja zinazokwamisha watoto wetu kusoma

Mtoto wa mwaka wa tatu ya msingi anasimama mbele ya tablo. Mwalimu ameandika neno la Kifaransa «lait», maziwa. Mtoto anasoma: «la-i-ti». Wenzake wanacheka, mwalimu anasahihisha, mtoto anarudi kukaa na haya. Lakini ukiangalia vizuri, mtoto huyo hakusoma ovyo. Amesoma sawasawa vile alifundishwa kusoma Kiswahili: kila herufi na sauti yake.

Jambo linaonekana dogo. Kumbe ni hapo watoto wengi wa Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Kalemie wanaanza kuchoka na kitabu. Banki ya Dunia inakadiria kwamba hapa Kongo, watoto 97 kwa 100 wenye umri wa miaka kumi hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mafupi. Sababu ziko nyingi: vita, mashule yaliyofungwa ao kubomolewa, kalasi zilizojaa tangu masomo ya msingi yawe ya bure mwaka 2019, walimu wasiolipwa vizuri. Lakini kuna moja ambayo haiombi pesa nyingi: namna ya kufundisha vwayeli zinazoandikwa pamoja.

Mtego wa kwanza uko ndani ya Kiswahili chenyewe

Kiswahili kina vwayeli tano, yaani irabu: a, e, i, o, u. Kila moja ina sauti yake, na haibadiliki. Zikikutana mbili, zote zinasikika: «chai», «maua», «chuo», «kiatu». Ndiyo maana wimbo wa ba-be-bi-bo-bu unafaa sana. Mtoto akishika silabi, anaweza kusoma hata neno ambalo hajawahi kuliona.

Shida ni kwamba kitabu hakisemi kama sisi. Kitabu kinaandika «njaa», nyumbani mtoto anasikia «njala». Kitabu kinaandika «kuzaa» na «kufungua», nyumbani ni «kuzala» na «kufungula». «Kusikia» inakuwa «kusikiya». Hata «au», wengi hapa kwetu wanalitamka na kuliandika «ao». Pahali kitabu kinaweka vwayeli mbili, sikio la mtoto linasikia herufi ingine katikati.

Huo si ujinga. Kiswahili cha vitabu kilijengwa juu ya Kiunguja, kile cha Zanzibar, na kile cha mashariki mwa Kongo kilipita njia yake. Mwalimu anayesema «nyumbani tunasema njala, katika kitabu tunaandika njaa» amempa mtoto maneno mawili. Yule anayesema tu «umekosa» anamfundisha mtoto asiamini tena masikio yake, na masikio ndiyo chombo cha kwanza cha kusomea.

Kifaransa: herufi mbili, sauti moja

Kifaransa kina desturi ingine kabisa. Herufi mbili ao tatu zinashikana na kutoa sauti moja. «Ai» mara nyingi inatoa sauti karibu na e yetu. «Au» na «eau» zinatoa o. «Oi» inatoa wa. «Ou» inatoa u. Halafu «u» ikiwa peke yake inatoa sauti ambayo Kiswahili hakina.

Mtoto wa Kasindi ao Mahagi anaona jambo hilo mpakani bila kuelezwa. Ku vibao vya upande wa pili imeandikwa «Uganda». Katika kitabu chake cha jiografia imeandikwa «Ouganda». Inchi ni ile ile, na inatamkwa vile vile. Kilichobadilika ni maandishi tu.

Hapo ndipo kuna habari nzuri. Sauti nne kati ya zile zinazotisha, mtoto anazijua tayari. «Moi» inaanza na kuisha kama mwanzo wa «mwana». «Roi» ni kama mwanzo wa «Rwanda». «Ou» ya «poule» ni u ya «kuku». Mwalimu hafundishi sauti mpya, anaonyesha nguo mpya ya sauti ya zamani. Sauti za kweli mpya ni zingine: u ya Kifaransa, «eu», na zile za puani, «an», «on», «in». Hizo zinaomba siku nyingi za kusikiliza na kutamka kwa mdomo, mbele ya kuziandika ku tablo.

Lakini katika kalasi nyingi zote zinaandikwa siku moja kwa mustari mumoja, watoto wanaimba pamoja, na kesho yake wanageuza ukurasa. Wanashika wimbo, hawashiki kusoma.

Sheria inasema nini?

Sheria ya elimu namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu kufundisha kwa lugha za kitaifa ao lugha za mahali. Mpango ni kwamba mtoto aanze kusoma kwa lugha anayoelewa, na Kifaransa kiingie polepole. Kwa kweli, mashule mengi ya mjini yanajisifu kwa Kifaransa tangu shule ya chekechea, na wazazi wanayapenda. Hawana kosa: mitihani ya mwisho, kazi na makaratasi ya serikali ni kwa Kifaransa. Ila mtoto anayeanza kusoma kwa lugha asiyosema anabeba mizigo miwili kwa mara moja: kujua lugha na kujua herufi. Yule aliyeshika kusoma kwa Kiswahili anafika ku Kifaransa akiwa na mzigo mumoja.

Pia tusisahau kwamba Kiswahili si lugha ya kila nyumba. Huko Lubero mtoto anaamka na Kinande, Walungu na Mashi, Djugu na Kilendu. Sheria inawafikiria, lakini vitabu kwa lugha hizo ni haba sana.

Hata vya Kiswahili havitoshi. Mradi ACCELERE!, uliolipiwa na Marekani na Uingereza, ulitoa vitabu vya kusoma kwa Kiswahili, Lingala na Tshiluba. Mwaka 2025, Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID. Vitabu vilivyopo vinazeeka, vingine vilipotea wakati watu walikimbia. Nani atachapa vingine? Swali hilo ni la serikali kwanza, na mpaka sasa wazazi ndio wanaojibu kwa kupiga fotokopi.

Mzazi anaweza kufanya nini?

Kwanza, kumuuliza mwalimu: mwaka wa kwanza wanasoma kwa lugha gani, na Kifaransa cha kuandika kinaanza lini? Pili, kumsikiliza mtoto akisoma dakika kumi kila jioni, hata kama mzazi mwenyewe hakusoma sana. Tatu, asimcheke. Mtoto akisoma «la-i-ti», amwambie hivi: kwa Kiswahili ungekuwa umesoma vizuri, kwa Kifaransa, a na i zikishikana, zinasema è. Kisha amwombe atafute neno lingine lenye «ai» ndani ya ukurasa ule ule, na alisome yeye mwenyewe.