Karatasi za Bibi Zangoja Wasomaji



Nyumba nyingi za pwani yetu zina sanduku ambalo watoto hawaruhusiwi kuligusa. Ndani yake mna karatasi kuukuu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kwa sababu hiyo watu wa nyumbani hudhani zote ni Qur'ani au dua. Mara nyingi sivyo. Ni Kiswahili: barua ya msafiri, hati ya kuuza shamba la minazi, pengine utenzi. Waliosoma skuli peke yake hawawezi kuzisoma. Nyinyi wa madrasa mnaweza, na kwa maoni yangu wajibu wetu waanzia hapo.

Siku hizi jamaa zetu walioko Maskati, Dubai na London hupelekeana picha za karatasi kama hizo kwa intaneti, na wako wanaozikusanya mahali pamoja ili kila mtu azione. Ni jambo la kheri. Lakini picha isiyo na msomaji haina tofauti kubwa na karatasi iliyofungiwa sandukuni. Waandishi wa zamani walitumia herufi moja kwa "b" na "p", hivyo "bata" na "pata" huonekana sawasawa. Kijana ataisoma herufi, bibi ndiye atakayelijua neno.

Mashairi mengi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi karne ya 19, tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyafafanua kabla ya kufariki mwaka 1890. William Taylor, Mwingereza, aliyahifadhi, na kitabu kikachapishwa 1940. Lau Mwalimu Sikujua angesema ataanza mwakani, na mwakani tena, tungesoma nini?

Wala tusiziamini mashine kupita kiasi. Hati za Msikiti Riyadha wa Lamu zilipigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti kupitia mradi wa Maktaba ya Uingereza. Oktoba 2023 wahalifu waliivamia mitambo ya maktaba hiyo, na kwa miezi mingi hazina zake za intaneti zikawa hazifunguki. Hati zenyewe zilikuwa Lamu. Basi ukishapiga picha usiichome karatasi (wako wanaofanya hivyo, wakasema wanasafisha nyumba!).

Si kila kitu cha kuanikwa, lakini. Talaka na madeni ya watu yabaki ndani ya ukoo mpaka wenyewe waridhie.

Likizo hii chukua karatasi moja tu. Omba ruhusa kwa mwenyewe, ipige picha, kisha isome kwa sauti mbele ya mzee na uandike kila anachosahihisha, pamoja na tarehe na jina lake, hata akikwambia kwamba huyo mnayemwita babu hakuwa babu yenu, alikuwa jirani.