Si kurogwa, ni kuvu

Mtu akifa na saratani ya ini, mtaani tunasema amerogwa. Wasee, tuache hizo. Mahindi yenye kuvu huwa na sumu inaitwa aflatoksini. Sumu hiyo huharibu jeni ya p53, ile breki inayozuia seli kuzaana ovyo, na mara nyingi huiharibu palepale, kwa kodoni ya 249. Ni kama imeacha saini yake. Ukiwa pia na homa ya ini aina ya B, hatari inazidi maradufu. Mwaka 2004 iliua zaidi ya watu 100 Ukambani, hata kabla ya mambo ya saratani.

Kupika ugali hakuiondoi. Ukilisha ng'ombe, inakurudia kwa maziwa. Mahindi ya kuvu ni ya kutupa, hata kama ni bei ya chini. Na uende upimwe homa ya ini.