BUTURA INAKULA SHULE



Tangu Januari 2016 ada imefutwa hadi kidato cha nne; mwaka 2022 ikafutwa hadi cha sita. Basi wako wazee wanasema, "Shule ni bure, tusisumbuliwe." Ebo! Sare nazo ni bure? Daftari je? Na uji?

Tunajua pesa inakokwenda. Karagwe hata Kyerwa, kahawa ingali maua mtu keshaiuza butura kwa bei ya kutupa. Mavuno yakifika, kijana anatolewa darasani akachume kahawa isiyo yake tena! Huo ni unyonyaji, na mlango tunaufungua wenyewe.

Tena vijana wakiomba kipande cha kibanja, tunawaita watoto. Wakiunda kikundi wapate mkopo wa Halmashauri, ile asilimia 4 ya vijana iliyomo katika sheria, tunawacheka. Halafu tunalalamika wanakimbilia mjini!

Sisi tuliojua kusoma ukubwani, kwa kisomo, tunaona uchungu. Tunadai: butura ikome, kahawa yote ipimwe Chama cha Msingi, kijana akitimiza miaka 18 apokelewe uanachama.

Asiyekubali aje mkutanoni aseme mbele ya watu.

Katibu wa Tawi