Kamera haikumbuki

Kakanda, kwenye shaba na kobalti upande wa Likasi, kamera za ulinzi zimekuwa kitu cha kawaida: juu ya geti la depo, kwenye duka la simu, penye kona ya ukuta. Vibao vilivyo chini yake, nilivyoviona mimi, ni vya Kifaransa au Kichina. Wanaopita mbele yake siku nzima wanaongea Kiswahili.

Watu wanasema, "Kamera ilimuona." Tazama sentensi hiyo kama mwanaisimu: mtenda ni kamera. Bosi hayumo, wala fundi, wala aliyekaa mbele ya skrini akachagua dakika za kuonyesha. Tena kitenzi ni kuona, kama shahidi mwenye akili na kumbukumbu.

Kamera haikumbuki kitu. Kinachokumbuka ni kisanduku kilichofungiwa ofisini, mafundi wanakiita DVR. Kinapokea picha kwa waya kutoka kila kamera, kinazigeuza kuwa tarakimu, kinazibana, kinaziandika kwenye diski. Diski ikijaa, kinaandika mpya juu ya zile za zamani. (Kamera za mtandao hubana picha zenyewe kabla ya kuzituma, lakini diski inajaa vilevile.) Kamera nne za megabiti 2 kwa sekunde kila moja hujaza diski ya terabaiti 1 kwa siku 11 hivi. Zikiwa nane, hazifiki siku 6. Umeme ukikatika na hakuna betri, hainaswi picha yoyote.

Shemeji yangu alikuwa mlinzi wa usiku. Alifukuzwa kwa kudaiwa kwamba aliacha magunia yatoke. Alipothubutu kuomba aonyeshwe usiku mzima, wiki tatu zilikuwa zimepita. Kipande cha kumshitaki kilikuwa kimenakiliwa kwenye flashi. Saa zilizotangulia, ambazo yeye anasema zingemtetea, zilikuwa zimefutika. Jibu lilikuwa lile lile: kamera ilikuona. Hakujua kwamba kisanduku kinasahau, na kwamba picha inayohitajika huombwa mapema. Nani angemwambia, na kwa lugha gani?

Katiba yetu ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na kifungu cha 31 kinalinda maisha ya faragha. Sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inagusa hata data za mtu binafsi. Yote hayo yameandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo shemeji yangu anaitumia kusaini tu.

Wenzangu wa istilahi watataka tubuni jina refu la kifaa, tulijadili mihula miwili. Sioni haja. Tuna kinasa sauti tangu zamani. Kinasa picha kitaeleweka kesho asubuhi. Ninachopenda zaidi ni kitenzi chenyewe: kunasa ni kurekodi, na pia ni kutega. Yule anayenaswa ana haki ya kujua mtego ni wa nani.

Kwa hiyo kibao ningekiandika hivi: "Hapa unanaswa picha. Zinatunzwa siku 11, kisha zinafutwa. Ukitaka picha yako, muulize mwenye kuzitunza," halafu jina lake na namba ya simu. Idara yetu inaweza kuandika vibao hivyo muhula huu, na rangi ya kuandikia haigharimu sana.