Fundi Aliyefufua Kituo Kilichozimika Angani

Mpenzi msomaji, mtoto akisema nyumbani kwamba angependa kusomea ufundi, wazazi wengi hukunja uso. Wanataka kusikia udaktari, uanasheria au urubani. Ufundi huonekana kuwa kazi ya yule aliyekosa nafasi kwingineko. Jumapili hii hebu tumtazame fundi mmoja wa Urusi, kisha uamue mwenyewe.

Jina lake ni Viktor Savinykh. Alizaliwa tarehe 7 Machi 1940 katika kijiji kimoja cha mkoa wa Kirov. Hakuanzia katika chuo cha marubani. Alisomea ufundi wa reli mjini Perm, akamaliza mwaka wa 1960, akafanya kazi relini, kisha akahudumu jeshini katika kikosi cha wajenzi wa reli. Baada ya hapo ndipo alipokwenda Moscow kusomea upimaji wa ardhi na uchoraji wa ramani. Alihitimu 1969 akiwa na umri wa miaka 29, akaajiriwa na wahandisi waliokuwa wakiunda vyombo vya angani vya Muungano wa Kisovieti.

Huko alikaa miaka tisa akishughulika na vifaa vya vyombo ambavyo wenzake walipanda. Zamu yake ilifika Desemba 1978, alipochaguliwa kuwa mwanaanga. Safari ya kwanza aliifanya Machi 1981, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 41. Aliishi siku 74 angani pamoja na Vladimir Kovalyonok, na huhesabiwa kuwa binadamu wa 100 kufika huko.

Pengine unauliza, mhandisi hufanya nini ndani ya chombo? Nahodha ndiye anayeshika usukani. Mhandisi ndiye anayejua kila waya, kila betri na kila bomba. Mambo yakienda sawa, hakuna anayemkumbuka. Mambo yakiharibika, macho yote humgeukia yeye.

Nayo yaliharibika kweli. Februari 1985 kituo cha Salyut 7, chenye uzito wa tani 20 hivi, kilinyamaza. Hakikuwa na mtu ndani, na wakuu wa safari kule chini walipokiita hakikujibu. Wangekiacha, siku moja kingeanguka duniani bila mtu wa kukiongoza. Waliamua kutuma watu wawili: nahodha Vladimir Dzhanibekov, ambaye alikuwa amekwenda angani mara nne, na mhandisi wake Savinykh.

Waliondoka tarehe 6 Juni 1985. Kwa kawaida chombo na kituo huongozana kwa redio hadi viungane. Kituo kilichozimika hakiongozani na mtu. Savinykh alisoma umbali na mwendo na kumtajia mwenzake, naye Dzhanibekov akaelekeza chombo kwa mikono yake, akikitazama kituo kupitia dirishani. Tarehe 8 Juni waliunganisha.

Ndani walikuta giza totoro na baridi kali. Barafu ilikuwa imetanda kutani, na maji yote yalikuwa yameganda. Walivaa kofia na nguo nzito kama watu walio nje wakati wa kipupwe cha Urusi. Bila stima feni hazikuzunguka, kwa hiyo hewa chafu waliyopumua ilibaki mbele ya nyuso zao. Mmoja alifanya kazi huku mwenzake akimchunga asije akazirai. Maji ya kunywa waliyobeba yalikuwa ya siku chache tu.

Chanzo cha balaa hiyo yote kilikuwa kidogo. Kipimo kimoja kilionyesha kwamba betri zimejaa, kumbe zilikuwa tupu. Kwa sababu hiyo mtambo ulikataa kuzitia chaji kutoka kwa paneli za jua. Wawili hao walichagua betri ambazo bado zilifaa, wakaunga nyaya kwa mikono katika baridi hiyo, kisha wakakigeuza kituo kwa nguvu ya chombo chao ili paneli zitazame jua. Polepole chaji ikaingia. Taa zikawaka, joto likarudi, barafu ikayeyuka, nao wakapata maji ya kunywa. Kabla ya mwezi huo kwisha, chombo cha mizigo kiliwaletea chakula na vipuri.

Dzhanibekov alirejea nyumbani Septemba. Savinykh alibaki na wenzake wapya hadi tarehe 21 Novemba 1985, walipolazimika kurudi mapema kwa sababu nahodha wao mpya alikuwa mgonjwa. Alikuwa amekaa angani siku 168 mfululizo.

Mwaka wa 1988 alisafiri mara ya tatu, kwenda kituo cha Mir, na jumla ya siku zake angani ikafika 252. Mwaka uliofuata alifanywa mkuu wa chuo kile kile cha Moscow alichosomea ramani, akakiongoza hadi 2007.

Sasa wewe mwanafunzi uliyepata nafasi katika chuo cha ufundi na unaona haya kuwaambia marafiki, zingatia hili. Kilichokiokoa kituo kile ni kazi ambayo fundi wa stima yeyote anaielewa: kutafuta kasoro ilipo, kupima betri, kuunga waya. Tofauti ilikuwa mahali, na utulivu wa wale waliofanya kazi hiyo.

Nawe mzazi, mtoto akifungua redio ya nyumbani na kutandaza vipande vyake mezani, usikimbilie kumchapa. Muulize kwanza ameona nini ndani. Wahenga walisema, achanikaye kwenye mpini hafi njaa.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.