FILME ZA SIKU YA POSHO: MAONI YETU



Kila siku ya posho jioni, kama esansi imepatikana, tunakaa katika sale kubwa tunaangalia filme. Kila mtu anatoa franka zake mlangoni. Kiisha tunarudi kulala, na njiani kuna neno moja tu: "Iko muzuri!" Filme ya vita, iko muzuri. Filme ya sokwe anayesema, iko muzuri. Hata ile iliyokatika katikati sababu mashine ya umeme ilizimika, nayo iko muzuri. Sisi wa kikundi cha gazeti tumechoka na muzuri ya namna hii. Mpishi akituletea ugali mbichi tunapiga kelele hadi barabarani. Basi filme mbichi tunaimeza kimya juu ya nini?

Tena kuko sababu nyingine ya kuandika. Tumesikia ya kama wakubwa wanafikiri kukataza filme kabisa trimesta ijayo, kwa ajili ya wadogo wetu wa kalasi ya saba na ya nane waliopigana na fimbo nyuma ya jiko, kila mmoja akijiita Komando. Hatusemi wakubwa wanakosa. Lakini tunaona ya kwamba kukataza zote ni sawa na kusifu zote: pande zote mbili hakuna aliyeangalia kitu gani kiko ndani.

Tuanze na hiyo Commando yenyewe, ya mwaka 1985. Arnold Schwarzenegger ni askari wa zamani, wabaya wanamwiba mtoto wake wa kike, naye anakwenda kumtafuta. Mwanzo si mbaya. Baba anayetafuta mtoto, nani hawezi kumfuata? Lakini akifika kwenye kile kisiwa, filme inakufa. Yeye mmoja anapiga jeshi zima, wao wote wanamkosa. Tulijaribu kuhesabu maiti, tukachoka. Hakuna anayezikwa, hakuna mama anayelia. Sisi wa Kasongo na wenzetu wa Kabambare tunajua mlio wa bunduki, na tunajua watu wanaukimbia wakiwa na nini kichwani: godoro, kuku, mtoto. Kuko mwenzetu mmoja, hatutaji jina, kila mara mlio ukianza yeye anatoka nje, anakaa chini ya mwembe mpaka filme inakwisha. Wengine wanamcheka. Sisi tulikwenda kukaa naye siku moja. Hakutuambia kitu, nasi hatukumwuliza.

Sasa angalieni ajabu. Ile Rambo ya kwanza, ya mwaka 1982, wengi wetu tuliiita filme ya kulala. "Haina vita!" Ni kweli, katika filme nzima tunaona mtu mmoja tu akifa, tena anaanguka kutoka elikopta kwa makosa yake mwenyewe. Sylvester Stallone ni askari aliyerudi kutoka Vietnam, anapita katika mji mdogo wa Marekani, polisi wanamfukuza kama mbwa. Mwisho wake haui mtu. Anakaa chini na kulia mbele ya kolonele wake, anasimulia rafiki yake aliyekufa kwa bombu. Katika sale yetu watu walicheka pale. Sisi hatukucheka. Tunawajua watu waliorudi toka porini ambao usiku hawalali. Filme hiyo ina makosa yake, kule msituni inajivuta sana, lakini ni filme ya mtu. Ya pili, ya mwaka 1985, wakamgeuza huyohuyo kuwa Komando mwingine. Ndiyo iliyopigiwa makofi.

Tuje kwa filme zinazosema habari ya kwetu. Hapa hasira yetu ni nyingi zaidi.

Les Mines du roi Salomon ya mwaka 1985, iliyopigwa Zimbabwe, imetoka katika kitabu cha Mwingereza Haggard cha mwaka 1885. Miaka mia moja katikati, na hawakujifunza kitu. Mzungu na binti wanatiwa katika chungu, pamoja na mboga, wapikwe. Chungu hicho ni kikubwa kama nyumba! Sisi tunauliza tu: mama gani alikifinyanga, na alikichoma kwa moto gani? Filme inataka kuchekesha, na wengine wetu walicheka kweli, tukubali. Lakini tulimcheka nani?

Congo, ya mwaka 1995, ni ya kati kwa kati. Kuna mji uliopotea karibu na volkeno, kuna almasi, kuna masokwe weupe-weupe wanaovunja watu vichwa. Sokwe wa kweli wa upande wetu wa mashariki anakula majani na machipukizi, na mwenye kumwogopa mwenziwe ni yeye, si sisi. Filme imeitwa jina la inchi yetu, na katika watu wake wakubwa wote hakuna Mukongomani hata mmoja. Ni kama kuandika barua, kutia jina la mtu kwenye bahasha, na ndani kumsahau. Lakini ule msitu wanaupiga picha vizuri, na yule sokwe Amy mwenye kusema kwa mashine, wadogo walimpenda. Tunaipa kumi juu ya ishirini.

La Légende de Tarzan, ya mwaka 2016, ni shida zaidi, sababu inajifanya historia. Ndani yake kuko mtu wa kweli, Léon Rom, ofisa wa Leopold wa Pili, na katika filme analiwa na mamba mwaka 1890. Mwenzetu wa kalasi ya nane aliandika hivyo katika enterogasyo ya historia, akapata sifuri, akalalamika: "Lakini mwalimu, niliona!" Hapana, ndugu. Rom hakuliwa na mamba. Alipigana katika vita vya Wabelgiji na Waarabu, vita vile vilivyofika hapa Kasongo mwaka 1893, akarudi kwao, akafa Ubelgiji mwaka 1924, katika umri wa uzee. Na yule mweusi Mmarekani, George Washington Williams, ni mtu wa kweli pia. Mwaka 1890 alifika mpaka Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, akamwandikia Leopold barua ya wazi juu ya mateso aliyoyaona. Mwaka uliofuata akafa Uingereza. Mtu kama huyo alistahili filme yake mwenyewe. Wamemfanya kuwa mchekeshaji anayemkimbilia Tarzan nyuma, akihema. Na haki ya wababu zetu inaletwa na mzungu anayeruka juu ya kamba.

Mtu atatujibu: kosa ni kupiga filme mbali na kwetu. Hapana. Filme Lumumba ya Raoul Peck, ya mwaka 2000, nayo ilipigwa Zimbabwe na Msumbiji, sababu kwetu kulikuwa vita. Bwana Peck mwenyewe ni mtu wa Haiti, lakini katika utoto aliishi Kinshasa. Ile filme tuliiangalia kimya, na wazee waliokuwa nasi hawakusimama upesi.

Juu ya La Vie est belle ya mwaka 1987, ya Ngangura Mweze na Benoît Lamy, tuligombana sisi kwa sisi. Papa Wemba ni kijana anayetoka kijijini kwenda Kinshasa kutafuta muziki. Nusu yetu wanasema mambo yanapatana kwa urahisi mno. Nusu wanasema ni filme pekee ambamo Mukongomani anacheka bila kuchekwa. Hatukumaliza.

Na filme za Tanzania, zinazofika kwa njia ya Baraka na Kabambare, tunazipenda kwanza kwa sababu tunasikia lugha. Marehemu Kanumba, aliyekufa mwaka 2012, alijua kuigiza. Lakini mara nyingi sauti inapotea kwa upepo, mtu anashuka motokari kwa dakika tatu, na mwisho unasema "angalia sehemu ya pili". Sehemu ya pili haijafika Kasongo.

Basi ombi letu kwa wakubwa: kabla ya kukataza, mruhusu kamati ya wanafunzi wanne na mwalimu mmoja waangalie kila filme siku ya tano jioni. Wadogo wawe na filme zao, sisi zetu. Na kabla ya kuanza mtu asimame aseme kama kuko milio ya bunduki, ili mwenye kutaka kutoka atoke mapema, asipite mbele ya macho ya wote.

Sanduku la majina ya filme tutalitia karibu na mlango wa refektwari. Wanaopenda kile chungu watujibu katika namba ijayo. Karatasi ya stensili iko bado.

Kikundi cha gazeti