Mwenye hisa ni wa mwisho kwenye foleni

Wadau, gawio tunalipenda, lakini ikifilisika kampuni nani analipwa kwanza? Januari 4, 2018 Benki Kuu ilifunga benki 5 zenye mtaji mdogo, zikiwemo Meru Community Bank na Njombe Community Bank. Mwenye akiba alikingwa na bima ya amana hadi shilingi milioni 1.5. Mwenye hisa hana bima hiyo. Husubiri mfilisi auze mali, alipe gharama na wadai wote, kikibaki kitu ndipo agawiwe. Mara nyingi hakibaki. Nafuu yake moja: akishalipia hisa zake zote, hadaiwi zaidi.

Basi huku kwetu Singida, mkulima wa alizeti akishawishiwa kununua hisa, aelezwe foleni hiyo kabla hajatoa hela. Kumficha ni kumwibia.